Kura Iliyobaki Ushago

Tarehe 25 Juni 2024 kamera zote zilielekezwa Bungeni. Wabunge 195 walikuwa wameupitisha Mswada wa Fedha, 106 wakiupinga, na muda mfupi baadaye vijana wakavuka ua, wakaingia ndani, sehemu ya jengo ikashika moto, na nje risasi za kweli zikarindima. Picha za siku ile zilizunguka dunia, na tangu hapo ukitaja maandamano ya Gen Z, akili ya msikilizaji hukimbilia katikati ya Nairobi. Lakini wiki tatu baadaye, tarehe 16 Julai, mswada wenyewe ukiwa umeshakufa, vijana walikuwa wakichoma matairi Kitengela na kupiga kelele za kumtaka Rais aondoke, na mtu mmoja akaripotiwa kuuawa kwa risasi huko. Kitengela haina Bunge la kuvamia. Haina Ikulu. Hata makao makuu ya kaunti yako mbali zaidi kusini, Kajiado mjini. Basi vijana wale walikuwa wakimwandamia nani, na kwa nini pale?

Swali hilo limepitwa haraka mno na wachambuzi wetu, ambao wengi huitazama nchi kutoka dirisha la ofisi iliyo Upper Hill. Jibu langu ni kwamba maandamano ya 2024 na 2025 yalipata nguvu kubwa kwa watu ambao siasa ya Kenya haijawapa anwani. Wanaishi wasikopiga kura, na wakipiga, wanapiga kwao, ushago, wasikoishi. Diwani wa mahali wanapolala hawamjui, na diwani wa mahali walipoandikishwa hawamwoni ila wakati wa mazishi. Kwa mtu wa aina hiyo, barabara ndiyo pahali pekee anapoweza kuhesabiwa akiwa bado yuko nyumbani kwake. Sidai kwamba hili linaeleza kila kitu. Linaeleza, hata hivyo, kwa nini moto ulihama kutoka jijini kwenda Kitengela, Rongai, Githurai na Mlolongo, na kwa nini hadi leo haujulikani utaishia kwenye sanduku lipi la kura.

Tuanze na kodi, kwa kifupi, maana habari zake zimeandikwa hadi zikachosha. Serikali ilitaka kukusanya takriban shilingi bilioni 346 zaidi. Mkate ungetozwa VAT ya asilimia 16, mwenye gari angelipa asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake kila mwaka, ada za kutuma pesa kwa simu zingepanda, na ushuru wa mazingira ungegusa mpaka nepi na sodo. Tarehe 18 Juni, vijana walipotokea barabarani kwa mara ya kwanza, serikali ikaondoa mkate na magari. Ilikuwa imechelewa. Juu ya vitu hivyo palikuwa na mlima wa mwaka uliotangulia: VAT ya mafuta iliyopanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023, ada ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara, na makato ya afya ya asilimia 2.75 yaliyokuwa njiani kuja. Mfanyakazi anayekaa Ngara, karibu na katikati ya jiji, husikia kodi ya mafuta mara moja moja. Wa Kitengela huilipa asubuhi akienda na jioni akirudi, na mvua ikinyesha nauli hupanda tena, kwa kodi au bila kodi.

Hapa inafaa tuitazame Kajiado yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyozaa aina hii ya mwananchi. Nyanda za Kaputiei, kusini ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, zilikuwa malisho ya Wamaasai na njia ya nyumbu na pundamilia. Sheria ya mwaka 1968 ilizigeuza ardhi kama hizo kuwa ranchi za pamoja; miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikagawanywa kwa wanachama wake, kila mmoja akapata hati, na hati ikishakuwa mkononi huuzika. Eneo la viwanda vya kuuza nje, EPZ, lilipofunguliwa Athi River mwanzoni mwa miaka ya 1990, wafanyakazi wa viwanda vya nguo walihitaji mahali pa kulala karibu na bei ya chini. Ekari zikawa nusu ekari, nusu ikawa ploti, ploti ikapanda ghorofa. Sensa ya 2009 iliikuta Kajiado na watu 687,312. Ile ya 2019 ikakuta 1,117,840. Kitengela peke yake ilikuwa na zaidi ya 150,000, Ongata Rongai zaidi ya 170,000. Miji hii miwili imeizidi kwa mbali Kajiado mjini, ambako gavana na bunge la kaunti hukaa.

Nenda Gataka, upande wa Rongai, uione hali hiyo kwa karibu. Nyumba za ghorofa zimesongamana, vyumba vya bedsita vimejaa wanafunzi, wahudumu wa maduka, madereva wa programu za teksi, wauguzi wa mkataba na vijana wenye shahada wanaoandika kazi za watu wengine kwenye kompyuta usiku. Chuo Kikuu cha Multimedia kiko kando ya Barabara ya Magadi. Asubuhi nganya, yaani matatu zilizopambwa, za njia ya 125 zinapakia kwa muziki wa kutetemesha vioo, kisha zinasimama kwenye foleni ileile. Mto Mbagathi ndio mpaka: ukiuvuka umeingia Nairobi, ukirudi umo Kajiado. Mpangaji huuvuka mara mbili kwa siku bila kujali yuko chini ya gavana yupi. Maji hununua kwa lori, stima kwa tokeni, usalama kwa askari wa geti ambaye wapangaji humchangia. Kaunti humjia kwa njia ya kanjo, askari wa kaunti, anayemdai mama mboga kodi ya kibanda. Serikali kuu humjia kwa njia ya polisi na kwa karatasi ya mshahara.

Ndani ya ploti moja utamkuta Mkamba, Mluhya, Mjaluo, Mkisii, Mkikuyu na Msomali. Kauli mbiu ya 2024 ilisema harakati hii haina kiongozi, haina chama, haina kabila. Wakosoaji waliicheka sehemu ya tatu. Kenya, walisema, haijawahi kufanya siasa bila kabila. Walikuwa wanafikiria Kenya ya vijijini na ya majukwaa. Kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu Gataka, kutokuwa na kabila si itikadi, ni hesabu ya nani anakaa mlango upi. Hakuna jamii yenye wingi wa kutosha kumwita mwanasiasa wake aje atoe amri, na hakuna mwanasiasa mwenye uhakika kwamba akiita wataitika. Mwaka 2022 kura za urais Kajiado ziligawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya Raila Odinga na William Ruto, na mgawanyiko huo unaonyesha kwamba hapa hapakuwa na bwana.

Kwa hiyo simu ikachukua nafasi ya mzee wa mtaa. Mswada ulipasuliwa kifungu kwa kifungu kwenye TikTok, ukatafsiriwa kwa lugha za nyumbani, ukawekewa programu za akili unde ambazo mtu angeziuliza swali zikamjibu. Namba za wabunge zilisambazwa, na maelfu wakaambiwa “wasalimie”. Wapo waheshimiwa waliozima simu kwa wiki nzima. Mchango wa majeruhi na waliofiwa, ulioongozwa na mwanahabari Hanifa Adan, ulizidi shilingi milioni 30 kwa siku chache. Tarehe 5 Julai Rais mwenyewe aliingia kwenye mjadala wa sauti wa X na kuulizwa maswali ambayo hakuna mwandishi wa habari wa Ikulu angethubutu kumuuliza. Nakumbuka wazee wengi wakishangaa adabu imekwenda wapi. Mimi nilishangazwa zaidi na maandalizi ya waulizaji: walikuwa wamesoma bajeti.

Na palikuwa na ushindi wa kweli. Tarehe 26 Juni Rais alikataa kutia sahihi mswada wote. Tarehe 11 Julai akavunja baraza la mawaziri, akamwacha Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi. Siku iliyofuata Inspekta Jenerali Japhet Koome akajiuzulu. Miaka 34 kabla yake, Saba Saba (7 Julai) ya 1990, wanasiasa waliodai vyama vingi, Kenneth Matiba na Charles Rubia, walikuwa wametupwa kizuizini hata kabla ya mkutano wao wa Kamukunji kufika, na ilichukua mwaka mmoja na nusu kabla ya kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kuondolewa na vyama vingi kurudi. Vijana wa 2024 walipata zaidi ndani ya wiki tatu. Gharama yake, hata hivyo, ilikuwa imeanza kuhesabiwa: Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitaja vifo 39 kufikia mwanzo wa Julai, na idadi hiyo ikafikia takriban 60 kabla ya mwaka kuisha. Mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 12, aliyepigwa risasi Rongai tarehe 27 Juni, siku moja baada ya mswada kuondolewa. Wengi wanaoisimulia hadithi ya 2024 huishia kwenye ile siku ya mswada kuondolewa. Rongai haiwezi kuishia hapo.

Kisha ikaja zamu ya magari yasiyo na namba. Tarehe 19 Agosti 2024 ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, walichukuliwa Kitengela, na siku hiyohiyo akachukuliwa mwanaharakati Bob Njagi. Aslam alikuwa mstari wa mbele katika maandamano ya mji huo. Kwa siku 32 hakuna kituo cha polisi kilichokubali kuwa nao. Chama cha Mawakili, chini ya Faith Odhiambo, kikaenda Mahakama Kuu. Jaji Lawrence Mugambi akamwita Kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli afike mwenyewe kujibu. Hakufika. Akaitwa tena na tena. Tarehe 13 Septemba jaji akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama, na siku chache baadaye Jaji Mkuu Martha Koome akalalamika hadharani kwamba jaji huyo ameondolewa walinzi. Tarehe 20 Septemba watatu hao wakaachiliwa, wakitupwa mahali tofauti katika Kaunti ya Kiambu, na Masengeli akafika mahakamani, akaomba radhi, hukumu ikafutwa.

Ninakirefusha kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mambo mawili ambayo takwimu za vifo haziyaonyeshi. La kwanza ni kwamba mtu alipochukuliwa Kitengela, kelele ya kwanza ilitoka kwa majirani, bodaboda na wenye vibanda, kabla ya shirika lolote la kutetea haki kutoa taarifa. Mji ambao tulidhani hauna jamaa ulikuwa na jamaa. La pili ni kwamba serikali ilijifunza. Maandamano ya jijini hukabiliwa mbele ya kamera. Mtu wa pembezoni huchukuliwa alfajiri nje ya geti lake, ambapo shahidi ni keateka na mbwa wa jirani. Tume ya Haki za Binadamu ilitaja visa 82 vya waliotoweshwa kati ya Juni na Desemba 2024. Baadhi yao walirudi Januari, kimya, wengine hawajarudi.

Mtindo huo ulivuka mipaka. Novemba 2024 mpinzani Kizza Besigye wa Uganda alinyakuliwa Nairobi, akaibukia katika mahakama ya kijeshi Kampala. Januari 2025 Mtanzania Maria Sarungi Tsehai alinyakuliwa Nairobi na kuachiliwa baada ya saa chache. Mei, Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walishikwa Dar es Salaam, na baadaye wakasimulia mateso waliyopitia. Na Oktoba, Bob Njagi, yuleyule wa Kitengela, akapotelea Uganda pamoja na Nicholas Oyoo walikokwenda kwenye kampeni za mpinzani Bobi Wine. Wakarudi baada ya zaidi ya mwezi mmoja, na Rais Museveni akakiri kwamba walikuwa mikononi mwa vyombo vyake. Jumuiya ya Afrika Mashariki imesumbuka kwa miaka kuhusu soko la pamoja na sarafu moja. Kwenye uwanja huu mwingine utangamano umekwenda bila mkutano wa kilele.

Mwaka wa 2025 ulizidisha kila kitu. Tarehe 8 Juni mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikufa katika Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi, baada ya kukamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandiko kumhusu Naibu Inspekta Jenerali Eliud Lagat. Polisi walidai alijigonga kichwa. Upasuaji wa maiti ukakataa maelezo hayo. Tarehe 17 Juni, kwenye maandamano ya kumlilia, Boniface Kariuki, mchuuzi wa barakoa, alipigwa risasi ya kichwa karibu kabisa, mbele ya kamera, na akafa siku kadhaa baadaye. Tarehe 25 Juni, kumbukumbu ya mwaka, Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru vituo vya televisheni viache kurusha matangazo ya moja kwa moja, mitambo ya baadhi yao ikazimwa, hadi mahakama ilipoingilia. Waliokufa siku hiyo hawakupungua 16.

Halafu Saba Saba, 7 Julai 2025, siku ambayo kwangu ndiyo ufunguo wa hoja hii. Usiku wa kuamkia siku hiyo polisi walifunga barabara kuu za kuingia Nairobi. Matatu ziligeuzwa, watu wakateremshwa, wakatembea kilomita kadhaa au wakarudi walikotoka. Katikati ya jiji pakawa kama Jumapili ya kanisani: maduka yamefungwa, seng'enge barabarani, polisi wamekaa wakisubiri watu ambao hawakufika. Hawakufika kwa kuwa walikuwa wamezuiwa nyumbani. Na nyumbani ndiko walikoandamana: Kitengela, Rongai, Kangemi, miji ya Kiambu na kwingineko. Tume ya Haki za Binadamu ilitaja vifo 31 kesho yake na baadaye 38, siku yenye damu nyingi kuliko zote tangu Juni 2024. Serikali ilidhani imeyafungia maandamano nje ya jiji. Iliyarudisha mahali ambapo waandamanaji hujua kila uchochoro, ambapo polisi ni wachache na wenye woga, na ambapo waandishi wa habari hufika wakiwa wamechelewa. Siku mbili baadaye Rais alisema wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi ya mguu.

Biashara, kweli, zilichomwa na kuvunjwa katika miji kadhaa, na asiyelisema hili hafanyi uchambuzi. Mwenye duka la hadwea la Kitengela naye ni mhamiaji, naye hupanda matatu hiyohiyo, naye alipinga mswada ule. Kijana anayebeba bango na kijana anayebeba mtungi wa gesi alioupora huweza kuwa wametoka ploti moja. Wakati mwingine ni watu wawili tofauti kabisa, na wakati mwingine, kama ilivyoonekana Nairobi 17 Juni, wapo waliofika kwa pikipiki na virungu wakitembea sambamba na polisi. Harakati isiyo na kiongozi ina faida ya kutokuwa na wa kununuliwa. Hasara yake ni kwamba hakuna wa kusema: yule si wetu.

Mbali na hapa, Thailand imeipitia barabara hii mapema kidogo, na kufananisha kunatusaidia. Februari 2020 Mahakama ya Katiba huko Bangkok ilivunja chama cha Future Forward, kipenzi cha vijana. Wanafunzi wakamiminika barabarani dhidi ya serikali ya Prayut Chan-ocha, jenerali aliyeingia kwa mapinduzi ya 2014. Waliinua vidole vitatu, ishara iliyotoka kwenye filamu za The Hunger Games. Waliandamana kwa mavazi ya Harry Potter. Waliyakinga maji ya kuwasha ya polisi kwa mabata makubwa ya mpira. Tarehe 10 Agosti, katika Chuo Kikuu cha Thammasat, mwanafunzi Panusaya Sithijirawattanakul alisoma madai kumi ya kuurekebisha ufalme, jambo ambalo kifungu cha 112 cha sheria yao ya jinai huweza kulilipa kwa miaka 15 jela kwa kosa moja. Huko nako watu wametoweka ng'ambo: Wanchalearm Satsaksit, mkosoaji aliyekimbilia Kambodia, alinyakuliwa Phnom Penh Juni 2020 na hajaonekana tena. Wakili Anon Nampa, aliyethubutu kuutaja ufalme jukwaani, yuko gerezani tangu 2023.

Lakini vijana wa Thailand walikuwa na kitu ambacho wa Kenya hawana: chama cha kuwapokea wakitoka barabarani. Move Forward, mrithi wa kile kilichovunjwa, kilishinda uchaguzi wa Mei 2023 kwa kura zaidi ya milioni 14 na viti 151 kati ya 500, kikiwa cha kwanza. Seneti ya watu 250 walioteuliwa na wanajeshi ikamzuia Pita Limjaroenrat asiwe waziri mkuu, na tarehe 7 Agosti 2024 mahakama ikakivunja na hicho. Kesho yake, Nairobi, ndiyo ilikuwa Nane Nane: maandamano yaliyosambaratishwa kwa gesi huku baraza jipya la mawaziri likiapishwa, John Mbadi, Hassan Joho, Wycliffe Oparanya na Opiyo Wandayi wa ODM, chama cha Raila, wakiwamo. Bangkok mlango ulifungwa juu ya sanduku la kura, na majaji na maseneta. Nairobi sheria haina kasoro kubwa; Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kuandamana katika kifungu cha 37, na hakuna seneti ya wanajeshi. Mlango wetu ulifungwa mapema zaidi, pale upinzani wenyewe ulipoingia serikalini kwa mlango wa nyuma na kumwacha mwandamanaji bila wa kumpigia kura.

Mkataba wa UDA, chama cha Ruto, na ODM wa Machi 2025 ulikamilisha kazi hiyo, na kifo cha Raila Odinga huko India tarehe 15 Oktoba 2025 kikaacha ombwe ambalo kila mtu sasa analigombania. Rigathi Gachagua, aliyeondolewa kwenye unaibu wa rais Oktoba 2024, anawataka vijana hao. Wapo ambao hawajasahau maneno yake ya zamani kwamba serikali ni kampuni yenye wenye hisa. Neno la mitaani la 2025, “wantam”, la kumtaka Ruto awe rais wa muhula mmoja, linaeleza nani asirudi na halielezi nani aje. Na kodi? Baadhi ya vipengele vilivyokataliwa Juni vilirudi Desemba 2024 kupitia sheria nyingine za kodi, bila vijana barabarani. Hawakushindwa kwa hoja. Mwezi ulikuwa Desemba, watu wamekwenda ushago.

Ushago ndiko tunakorudi. Katika uchaguzi wa 2022 vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa chini ya asilimia 40 ya walioandikishwa, na idadi yao ilikuwa imepungua ikilinganishwa na 2017, ingawa ndio walio wengi miongoni mwa watu wazima wa nchi hii. Na wale walioandikishwa, wengi ni kule kwao. Kila uchaguzi mabasi ya kutoka Nairobi hujaa, nauli huongezwa maradufu, na mtu husafiri usiku kwenda kumchagua mwakilishi wa wadi ambayo ataiona tena Krismasi. Sababu zake si ujinga. Ardhi ya baba iko kule. Heshima ya kuzikwa iko kule. Na baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 hakuna aliyetaka kuwa mgeni mahali penye uchaguzi. Katika Kajiado sababu hiyo ina uzito wa pekee, maana maneno ya wenyeji na wageni huamka kila baada ya miaka mitano. Mmaasai aliyeuza ekari zake kwa bei ya mbuzi miaka ya 1990 na leo akaona ghorofa juu yake ana uchungu wake wa haki, na hofu yake kwamba wapangaji watamchagulia gavana si ya kubezwa. Mwandamanaji wa Kitengela hajawahi kuulizwa afikirie uchungu huo. Kauli ya “bila kabila” inauruka tu.

Wakati huohuo Tume ya Uchaguzi yenyewe ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Erastus Ethekon na wenzake walipoapishwa Julai 2025. Yaani katika kipindi chote cha moto, kijana aliyetaka kumwondoa mbunge wake kwa kifungu cha 104 hakuwa na tume kamili ya kumpokelea ombi lake. Uandikishaji ulipofunguliwa tena Septemba 2025, kampeni za mtandaoni za kuwataka vijana wajiandikishe zilianza, na foleni hazikufanana hata kidogo na zile za barabarani. Wapo waliosema vijana wamechoka. Mimi naona ugumu mwingine: swali la kwanza mezani kwa karani ni kituo gani, na kwa mpangaji wa bedsita, anayeweza kuhama mwezi ujao mwenye nyumba akipandisha kodi, hilo ni swali zito kuliko lile la nani anayempinga.

Joseph Ole Lenku anamaliza vipindi vyake viwili, na kiti cha gavana wa Kajiado kitakuwa wazi Agosti 2027. Hesabu za kiti hicho hupigwa kwa koo za Wamaasai kwanza, kisha kwa makundi ya wahamiaji kupitia wazee na wafanyabiashara wao, kila kundi na bei yake. Kajiado Kaskazini imewahi kuonyesha kwamba kura za waliohamia zinaweza kuamua ubunge. Sheria inataka kitambulisho tu na safari ya kwenda ofisi ya Tume jimboni kuhamisha kituo. Kama wakazi wa Gataka na Kitengela watafanya hivyo kwa wingi, atakayegombea atalazimika kuzungumza nao kuhusu maji, majitaka, nauli na watu waliochukuliwa usiku, na atalazimika pia kuzungumza na Wamaasai kuhusu ardhi iliyokwenda. Wasipohamisha, Juni ikifika tena barabara ya Namanga inayopita Kitengela itafungwa kwa matairi, na Agosti yake watapanda basi.